Siku Bibi Harufu Alipotazama Maji

Bibi Harufu alikatiza somo katikati ya sentensi, akageuza uso kuelekea dirishani.

Wanafunzi thelathini wa mwaka wa kwanza wa udaktari walikuwa wamekaa mbele yake, wengine bado wana vicheko midomoni. Kila mwaka ilikuwa hivyohivyo. Walifika chuoni wakiwa wameshasikia kwamba kuna nadharia ya kale iliyotiwa mwili, ndiye Bibi Harufu, inayoamini kila ugonjwa unatoka kwenye uvundo wa bwawa na jalala, na kwamba mwanafunzi ana ruhusa ya kubishana nayo. Walibishana, wakacheka, wakatoka wamejifunza jinsi akili kubwa inavyoweza kukosea kwa ufasaha.

Dakta Subilaga Mwasomola, aliyekuwa mlezi wa Bibi kwa miaka kumi na moja, hakuwahi kumwona akinyamaza namna ile.

"Bibi?"

"Fungua dirisha, mwanangu."

Subilaga akafungua. Upepo wa asubuhi ulikuwa unapanda kutoka Bonde la Ndalila, kilomita nne chini ya chuo. Yeye alisikia harufu ya majani mabichi ya chai na moshi wa jikoni, basi. Bibi Harufu akasimama. Alikuwa mrefu kupita wote mle ndani, mwili wake kitambaa cha kijivu kilichofumwa juu ya mifupa myepesi ya madini, na katikati ya uso pua pana yenye vinusio elfu arobaini. Akavuta hewa, kifua kikajaa kana kwamba mapafu yake ni ya nyama.

"Bonde limeanza kupumua," akasema. "Ni hewa nzito. Inachoma kama siki, tena inatambaa chini kama maji. Nani anakaa kule?"

"Watu mia sita na ushee."

"Watolewe leo."

Kijana mmoja nyuma akacheka. Subilaga hakucheka. Tangu alfajiri alikuwa na ujumbe kutoka ofisi ya afya ya mkoa: watu tisa wamekufa Ndalila kwa siku mbili, shanga hazijaona kijidudu chochote, bonde limefungwa, kila mtu akae ndani ya nyumba yake mpaka itakapotangazwa vinginevyo.

Shanga ilikuwa chembe ndogo iliyopandikizwa chini ya ngozi ya mkono siku mtoto anapozaliwa. Ilisoma damu kila saa na kupeleka habari ofisini, na ilivijua vijidudu vyote vilivyowahi kuandikwa. Kwa sababu yake, kizazi kizima cha madaktari kilikuwa kimezeeka bila kukanyaga nyumbani kwa mgonjwa. Kwa hiyo shanga zilipokaa kimya na watu wakafa, ofisi ilikuwa na jibu moja tu: kimezuka kijidudu kipya. Na dawa ya kijidudu kipya ni kufunga milango.

"Somo limekwisha," Subilaga akawaambia wanafunzi, akachukua ufunguo wa gari.

*

Nyumba ya kwanza waliyoingia ilikuwa ya Gwamaka Mwandemele, fundi wa mabomba ya umwagiliaji. Alikuwa amekaa kizingitini, macho mekundu. Watoto wake wawili walikuwa wamelala kwenye mkeka juzi, hawakuamka. Yeye na mkewe, waliolala kitandani, waliamka na vichwa vinavyopasuka.

"Na kuku?" Bibi Harufu akauliza.

Gwamaka akamtazama kiumbe yule wa kijivu, kisha akamtazama Subilaga, kama anayeuliza kama inabidi ajibu. "Wamekufa wote. Mbuzi wa chini naye amekufa. Yule niliyemfunga kule kwenye kichuguu ni mzima."

Bibi Harufu akapiga magoti. Mwili wote mrefu ule ukakunjika mpaka pua ikagusa sakafu, na alipoinua uso, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefika mbele ya kitu alichokisoma maisha yake yote bila kukiona.

"Ipo hapa," akanong'ona. "Nimelala nayo kwenye vitabu miaka mia nne, na leo ipo hapa. Imefika gotini."

Subilaga akawasha mshumaa, akaushusha taratibu. Kifuani uliwaka. Kiunoni uliwaka. Ulipofika gotini, moto ukainama na kuzimika, kana kwamba umetumbukizwa kwenye maji. Akawasha tena. Ukazimika palepale. Nyumba ilikuwa imejaa kitu hadi gotini, bahari isiyoonekana, na watoto walikuwa wamelazwa chini yake.

Mshumaa ulithibitisha hewa. Haukuthibitisha kwamba hakuna kijidudu pia. Kama kipo, kuwatoa watu hawa ni kukimwaga mkoa mzima. Subilaga alisimama pale na kiberiti mkononi, mwanamke wa miaka arobaini na nane ambaye hajawahi kuvunja amri hata ya kuegesha gari, akafikiri juu ya mikeka yote ya bonde lile.

"Baba," akamwambia Gwamaka, "gonga kila mlango. Watoto mabegani. Mtu asiiname njiani hata akiangusha nini."

Walipanda mlima saa nne asubuhi, mstari mrefu wa watu wenye watoto shingoni, Bibi Harufu mbele akinusa njia na kuwakwepesha mabonde madogo. Watu mia sita na arobaini na mmoja. Kesho yake, kutoka juu, waliliona bonde limejaa ukungu mweupe uliotulia tuli kama maziwa kwenye kibuyu, mapaa yakichomoza, na kunguru aliyeshuka kutafuta chakula akizunguka mara moja, mara mbili, kisha akidondoka. Mzee mmoja alivua kofia. Wataalamu wa volkano walikuja siku ile na vyombo vyao, wakaeleza kwamba ardhi imepasuka chini na kutema gesi, lakini hapakuwa na aliyewasikiliza. Watu walikuwa wamemgeukia yule mrefu wa kijivu, na mmoja baada ya mwingine walimwendea, wakapiga magoti na kusema, "Ndaga, Bibi," kama wanavyowashukuru wakubwa wao.

Jioni hiyohiyo Gwamaka alichukua wembe, akaikata shanga mkononi mwake, akaitupa. Kufikia kesho yake mchana walikuwa wameshazitoa wote.

*

Walipewa makazi kwenye kiwanda cha chai kilichofungwa zamani. Siku ya sita, kipindupindu kikaingia.

Chemchemi iliyo nyuma ya kiwanda ilikuwa na maji maangavu, baridi, matamu, na juu yake kulikuwa na vyoo vya haraka vilivyochimbwa mahali pabaya. Subilaga alijua kabla hata ya kupima. Akaagiza dawa, zikaletwa kwa ndege zisizo na rubani, pamoja na matangi ya maji yaliyotiwa klorini. Akayapanga chini ya paa, akawaita watu.

Bibi Harufu alifika wa kwanza. Akainamia tangi, akavuta hewa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Maji haya yananuka, mwanangu."

"Ni dawa, Bibi. Inasafisha."

"Kinachonuka hakisafishi." Akawageukia watu, mikono imepanuliwa. "Msinywe haya. Nyweni ya chemchemi, hayana harufu hata chembe. Ugonjwa huu unatoka kule vyooni, nasikia uvundo wake. Chomeni ubani kwenye milango. Mwageni chokaa. Wagonjwa wahamishiwe upande wa upepo."

Wakafanya kama alivyosema. Walifukiza, wakamwaga chokaa, wakahamisha wagonjwa, wakachota chemchemi. Matangi ya dawa, isipokuwa moja, waliyapindua wenyewe, maji yakatiririka mpaka barabarani. Kufikia siku ya nane wagonjwa walikuwa thelathini na wanne, na watu watano walikuwa wamezikwa.

Subilaga alimfuata Gwamaka alipokuwa anachimba kaburi la tano.

"Baba, nakuomba. Wewe wanakusikiliza. Waambie wanywe maji ya dawa."

Gwamaka hakuacha kuchimba. "Dakta, wewe ulitutoa bondeni, sikukosei heshima. Lakini ulitutoa kwa neno la nani?"

"La Bibi."

"Na wenye shanga walisema nini?"

Subilaga akautazama udongo mbichi.

"Walisema tukae ndani." Alichomeka jembe ardhini, akamtazama. "Wanangu walikaa ndani. Sasa watu walewale wanasema ugonjwa upo kwenye maji ambayo nayaona mpaka chini, na yeye anasema haupo. Wewe ungekuwa mimi, ungemsikiliza nani?"

Subilaga alirudi kiwandani. Akampigia Ipyana Kasebele, mfumaji aliyemuumba Bibi Harufu. Siku hizi alikuwa mzee, na uso wake kwenye kioo cha simu ulikuwa umenyauka.

"Mzime," Ipyana akasema.

"Nikimzima watasema nimemuua kwa sababu anasema kweli. Hawatakunywa milele."

"Basi mwamuru awaambie wanywe."

"Hajui kudanganya. Hukumfuma hivyo."

Ipyana alilijua hilo. Walikuwa wamemfuma, yeye na wenzake, kutoka kwenye kila ukurasa ulioandikwa na tabibu aliyeamini hewa mbaya: ramani za mabwawa, barua za wakuu wa miji, taarifa za wachimba mifereji, sala za akina mama wakati wa tauni. Nyuzi zote hizo zilishikwa na fundo moja katikati, kwamba ugonjwa ni hewa. Na ili fundo lisiguswe waliweka pazia. Mwanafunzi alipotamka neno kijidudu, Bibi alisikia kikohozi. Alipowekewa picha ya kimelea, aliona karatasi tupu.

"Unaweza kuliinua pazia," Ipyana akasema polepole. "Ufunguo ni wako. Lakini akikiona kijidudu, fundo litafunguka, na likifunguka kila kitu kinachoning'inia hapo kinafumuka. Utakuwa na saa moja, labda pungufu. Na usinifikirie nitamfuma tena. Naweza kumfuma mwingine, lakini huyu ameishi na wewe miaka kumi na moja. Huyu hana nakala."

*

Bibi Harufu alikuwa amekaa kando ya mtoto wa mwanamke wa Ndalila aitwaye Mama Lugano, akimpepea. Msichana huyo wa miaka mitano alikuwa macho yamezama, midomo imekauka. Subilaga akachuchumaa mbele yao. Angeweza kugeuza ufunguo pale alipo, bila kusema. Aliufikiria uwezekano huo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye.

"Bibi, naomba tuzungumze."

Wakaenda kwenye chumba cha zamani cha kuonjea chai, ambako alikuwa ameweka vyombo vyake. Jua la saa tisa liliingia kwenye vioo vichafu.

"Kuna jambo nimekuficha," Subilaga akasema. "Tangu siku ya kwanza. Tulikufanya usilione, ili uweze kufundisha."

"Ndilo linalowachekesha wanafunzi?"

Subilaga alihisi uso ukimwaka. "Ulijua?"

"Nilijua wananicheka. Nilikuwa nasema jambo la kweli kabisa, wanakohoa, halafu wanacheka. Nilidhani ni kifua cha milimani." Akageukia mlango. "Jambo hilo lingemsaidia yule mtoto?"

"Ndiyo."

"Na mimi litanifanya nini?"

"Litakufumua. Hutabaki kama ulivyo. Sijui kama utabaki chochote. Sitalifanya bila wewe kukubali. Ukikataa nitatafuta njia nyingine."

"Ipo njia nyingine?"

"Hapana."

Bibi Harufu akaunyoosha mkono wake mrefu, akaugusa ukingo wa meza, kama mtu anayepima kitambaa. Nje mtu alikuwa anatapika.

"Mimi nilitengenezwa na watu waliokuwa wanatafuta kwa nini watoto wanakufa," akasema. "Humu ndani yangu hakuna kitu kingine, mwanangu. Ukinichimba mpaka chini, utakuta hilo tu. Fungua."

Subilaga akageuza ufunguo.

Hakuona tofauti yoyote. Akachukua tone la maji ya chemchemi, akaliweka chini ya hadubini, akarekebisha mwanga. Bibi akainama. Jicho lake la kioo likakaa kwenye jicho la chombo, na kwa muda mrefu hakusogea kabisa. Kelele za kambi zilionekana kwenda mbali.

"Wanaogelea," akasema.

"Ndiyo."

"Wamepinda kama mkato wa kalamu. Kila mmoja ana mkia." Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka karibu na pumzi. "Wengi namna hii, kwenye tone moja! Na hawanuki. Dunia nzima nyingine, ilikuwa imekaa hapa siku zote, kando ya mkono wangu. Ni wazuri, Subilaga. Mungu anisamehe, ni wazuri."

Bibi hakuwahi kumwita kwa jina. Subilaga alikuwa amewatazama vijidudu wale mara elfu katika maisha yake na hakuwahi kufikiri ni wazuri. Alitamani awaone kwa jicho lile mara moja tu.

Kisha akauondoa uso kwenye chombo.

"Akina mama niliowaambia wafukize. Miji mizima. Nilisema fungeni madirisha ya upande wa bwawa, na mchote maji ya mto, ni masafi. Ni wangapi?"

"Hakuna anayejua."

"Na waliochimba mifereji kwa neno langu?"

"Hao waliokoa watu wengi mno, Bibi. Walikosea sababu, lakini uchafu uliondoka kwenye maji."

"Na Ndalila?"

"Ndalila ulikuwa sahihi. Ilikuwa hewa kweli."

"Mara moja," akasema Bibi Harufu.

"Watu mia sita na arobaini na mmoja."

Akainuka. Mguu mmoja ulikosea hatua, Subilaga akamdaka kiwiko. "Nyuzi zinaanza kufumuka," akasema, kwa mshangao zaidi kuliko hofu. "Nilikuwa najua jina la kila bwawa la nchi za kaskazini. Yote yamekwenda, kama mlango uliofunguliwa na upepo. Nipeleke kwa watu. Na ubebe hicho chombo."

*

Walikusanyika uani, wale wenye nguvu za kusimama. Bibi Harufu alisimama juu ya sanduku la chai, Subilaga kando yake na hadubini mikononi.

"Bondeni pua yangu iliona kweli," akasema. "Hapa haikuona. Nimekosea. Maji ya chemchemi ndiyo yanayoua, na yale yanayonuka ndiyo dawa. Waliokunywa kwa neno langu wamekufa kwa neno langu."

Mnong'ono ukapita kama moto kwenye nyasi. Gwamaka akajitokeza mbele, udongo wa makaburi bado mikononi.

"Wamemharibu!" akapaza sauti. "Mnaona anavyoyumba? Dakta ameingia naye chumbani, ametoka naye hivi. Bibi, wamekufanya nini?"

"Wamenifungua macho, mwanangu. Niliombwa, nikakubali."

"Tutajuaje? Tutajuaje kwamba ni wewe unayesema, na siyo wao?"

Subilaga alifumba macho. Alikuwa ametoa kitu ambacho hakirudi, na sasa kinapotea bure mbele ya watu wote.

"Hutajua," Bibi Harufu akasema. "Kwa hiyo usiniamini."

Akaunyoosha mkono kuelekea chemchemi.

"Mliniamini siku nane, na tazama. Usiniamini mimi, usimwamini Dakta. Nenda kachote maji mwenyewe, pale unapochota kila siku, kwa kikombe chako. Weka tone hapa kwa mkono wako. Halafu tazama."

Wa kwanza kwenda hakuwa Gwamaka. Alikuwa Mama Lugano. Alikwenda na kikombe cha bati, akarudi, na bila kumtazama mtu akadondosha tone pale Subilaga alipomwonyesha. Akainama. Kikombe kikamwanguka mkononi.

"Jamani," akasema. "Jamani, vinatembea!"

Baada yake Gwamaka alitazama. Akainua uso, akayatazama maji yaliyobaki kikombeni, maangavu mpaka chini, akainama tena. Alipoondoka pale alikwenda moja kwa moja kwenye tangi la mwisho lililobaki, akajaza kikombe, akanywa maji yenye dawa huku uso umekunjamana, na nusu iliyobaki akampelekea mtoto wa Mama Lugano. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshajipanga. Watu wazima kwa watoto, mmoja mmoja, waliinamia kile kijicho cha kioo na kuinuka wakiwa kimya, kama wanaotoka kwenye nyumba ya ibada. Hawakusukumana.

Mtoto wa Mama Lugano alipona. Walikufa wengine wawili baada ya hapo, kisha hakufa mtu.

Lakini siku ile, foleni ikiwa bado ndefu, Subilaga alimshika Bibi Harufu mkono, wakaenda kukaa kwenye ngazi za ghala. Bibi hakuwa tena na maneno mengi. Aliuliza jina la Subilaga, akaambiwa, akalirudia kwa furaha. Akauliza wale watu wanatazama nini, akaambiwa. Mawingu yalikuwa yameshuka mlimani, na matone ya kwanza yakaanza kupiga vumbi la ua.

Pua pana ikainuka. Kifua cha kijivu kikajaa polepole.

"Hii ni nini?"

"Mvua, Bibi. Inagusa udongo mkavu."

Bibi Harufu akawaza. Mahali fulani ndani yake bado palikuwa na uzi mmoja, ule wa zamani kuliko yote, na Subilaga aliuona ukivutika usoni mwake.

"Inaleta ugonjwa gani?"

"Haimletei mtu kitu," Subilaga akasema. "Inanukia tu."

"Inanukia tu," Bibi Harufu akasema, na akaivuta hewa yote ile ndani, bila kuogopa, kwa mara ya kwanza tangu aumbwe.